Nimetuhumiwa kuiba skripti ya tamthilia, prodyuza amesimamisha malipo. Naombeni ushauri

Kalamu_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanirushia mawe.

Mimi ni mwandishi wa skripti, niko hapa Dodoma. Niliandika tamthilia kuhusu familia ya wakulima wa zabibu kule Hombolo. Serikali imehamia, mji unawafuata mpaka shambani, binti anarudi kutoka Dar anakuta baba yake ameuza eneo lilelile kwa watu wawili na kila mmoja ana karatasi yake. Prodyuza mmoja wa Dar akaipenda, tukasaini mkataba, nikalipwa awamu ya kwanza.

Sasa kuna kijana nilikuwa naye kwenye mafunzo ya uandishi hapa mjini. Kaniposti Instagram, jina na picha, kwamba mimi ni mwizi na stori ni yake. Anasema yeye pia ana skripti yenye shamba la zabibu, binti anayerudi nyumbani, mzee mbishi, na sini ya mzee kung'oa bikoni, zile alama za mipaka wanazozika wapima viwanja, usiku. Ni kweli sini ya bikoni kwangu ipo. Lakini skripti yake sijaiona hata ukurasa mmoja. Kwenye mafunzo kila mtu alisimulia wazo lake kwa mdomo, na yeye alisimulia habari za bodaboda.

Prodyuza kasema awamu ya pili isubiri "mpaka hili jambo liishe". Huko kwenye komenti natukanwa, mpaka mama yangu kaulizwa kanisani binti yako kafanya nini. Nina majibu marefu nimeyaandika tayari, na meseji zake za zamani ninazo ambazo zikitoka ataona aibu. Nimwage zote, au nianzie polisi?

Jamatini_Kwetu

Pole sana dada. Ngoja waje wataalamu, mimi nimekaa pale.

Tetesi255

Lisemwalo lipo. Bikoni usiku, zabibu, binti karudi, vyote vifanane kwa bahati tu? Mimi sisemi umeiba, nauliza.

Mpimaji_Mstaafu

Tetesi, wewe si mtu wa Dodoma. Mimi nimepima viwanja mji huu enzi za CDA, ile mamlaka ya kustawisha makao makuu, kabla haijavunjwa 2017. Bikoni tulizika mchana, asubuhi tunakuta shimo. Nala, Ihumwa, Nzuguni, kote. Ni kosa kisheria kugusa alama ya upimaji lakini wazee walikuwa wanang'oa, wengine wanazihamishia kwa jirani, mmoja alijengea banda la kuku. Kama kung'oa bikoni usiku kuna mwenyewe basi hao vijana wote wawili wameniibia mimi.

Binti kurudi kutoka Dar na kukuta shamba limeuzwa mara mbili, hilo nenda ofisi yoyote ya ardhi asubuhi ukae kwenye benchi. Utazisikia kabla ya saa nne.

Jamatini_Kwetu

😂😂 Mzee kadai hakimiliki ya banda la kuku

Sini_Ya_Saba

Mdogo wangu, pole. Nimeandika tangu filamu zinauzwa kwa DVD Kariakoo, na tuhuma kama hii nimeiona kwa wenzangu zaidi ya mara moja. Nisikilize.

Hayo majibu marefu usiyaposti. Najua yanawasha. Lakini ukiyaposti utakuwa unajibu swali la "je, wewe ni mwizi?", na swali hilo halina jibu linaloridhisha watu wa mtandaoni, hata ungeapa. Swali unalolitaka wewe ni "ukurasa gani?". Hizo meseji zake za zamani ndiyo kabisa ziache. Ukimwanika kwa mambo yasiyohusu skripti, wewe ndiye unakuwa mkosaji, na yeye anapata watu wa kumwonea huruma.

Mwandikie kwa barua pepe, si DM, maneno machache ya heshima. Muulize: skripti yako inaitwaje, toleo la lini, ulimpa nani aisome, na unadai ilinifikia kwa njia gani? Kisha mwombe aonyeshe kurasa anazosema zimenakiliwa. Basi. Usimwite mwongo, usijieleze. Wengi huishia hapo, kwa sababu "stori yangu" ni rahisi kuiandika chini ya picha, lakini kuitaja kwa namba ya ukurasa ni kazi nyingine. Akikupa kurasa, afadhali zaidi, sasa kuna kitu cha kulinganisha.

Na mkilinganisha, zabibu na binti wekeni kando. Angalieni mpangilio wa matukio: nini kinasababisha nini, kwa mfuatano upi. Angalieni dayalogi, majina, vijitabia vya wahusika. Kuliko vyote angalieni makosa. Mtu akinakili hunakili na makosa: jina la mhusika lililobadilishwa kila mahali likasahaulika sini moja, herufi iliyokosewa palepale, mtaa uliowekwa kata isiyo yake. Sini yako ya bikoni inafanya kazi gani kwenye hadithi? Mzee anazing'oa kwa nini, na nini kinafuata?

Halafu ushahidi wako. Mafaili ya zamani USIYAFUNGUE ukayasevu. Ukisevu tu, tarehe ya mwisho ya kubadilishwa inakuwa ya leo na umejiharibia. Nakili folda nzima kwenye flashi, weka kando, fungua nakala. Kama uliandikia Google Docs, historia ya matoleo ipo na inaonyesha siku kwa siku. Barua pepe ulizomtumia prodyuza au rafiki asome, hizo ni dhahabu, maana tarehe yake haiko kwenye laptopu yako peke yake. Daftari la mkono, rekodi za sauti ulizohoji wakulima, picha za Hombolo, hata risiti ya nauli, kusanya. Kazi ya kuibwa mara nyingi huja ikiwa imekamilika. Ya kuandikwa huwa na uchafu nyuma yake: mwisho uliofutwa, mhusika aliyekufa akafufuliwa, sini mbovu. Huo uchafu ndio utetezi wako.

Kalamu_Nkuhungu

Asante sana kaka mkubwa, nimetulia kidogo. Kwangu mzee anang'oa bikoni kwa sababu hajui kusoma, anadhani bila zile alama karatasi za wanunuzi hazina nguvu. Kumbe mojawapo ilikuwa ya mpaka wake mwenyewe, inamponza mahakamani. Kwake sijui inakuwaje. Matoleo ya zamani ninayo, la kwanza lilikuwa baya mpaka naona haya, baba alikuwa mchungaji wa mbuzi na zabibu hazikuwepo.

Sini_Ya_Saba

Hilo baya ndilo la kumwonyesha prodyuza.

Wakili_AreaC

Niongeze upande wa sheria kwa ujumla, maana mkataba wako sijauona.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Sura ya 218, inalinda kazi, yaani namna ulivyoieleza. Wazo lenyewe hailindi. "Shamba la zabibu linamezwa na mji" ni wazo, halina mwenyewe. Kuna kesi ya Marekani ya mwaka 1930, Nichols dhidi ya Universal Pictures, mwandishi wa mchezo wa jukwaani alidai filamu imeiba mchezo wake: familia ya Kiyahudi na ya Kiairishi, watoto wanaoana kwa siri, wazazi wanagombana. Jaji Learned Hand alisema kinachofanana ni wazo la jumla na wahusika wa aina inayojulikana, na akashindwa mdai. Mahakama zetu hazifungwi na kesi hiyo ila hoja yake inaeleweka popote.

Anayedai kunakiliwa atatakiwa aonyeshe pia kwamba uliweza kuifikia kazi yake. Watu wawili wakiandika vitu vinavyokaribiana bila kuonana, hakuna aliyeiba. Kwa hiyo waliokuwepo kwenye mafunzo na wanaokumbuka alisimulia nini, ni mashahidi wako. Kama kulikuwa na grupu la WhatsApp, hifadhi mazungumzo yote mapema, kabla hajafuta mtu. Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, lakini uzito wake unategemea umetunzwaje. Skrinishoti iliyokatwa katikati ina uzito mdogo kuliko mazungumzo kamili kwenye simu yenyewe.

Polisi: Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ina kifungu cha 16 kuhusu taarifa za uongo, na ninajua kinavutia ukiwa na hasira. Mimi nisingeanzia huko. Kesi ya jinai ukishaifungua hauiendeshi wewe, na prodyuza akisikia kuna polisi ndiyo atakimbia kabisa. Kashfa ni madai ya kawaida, una miaka mitatu, haikimbii. Leo hifadhi posti zake zikiwa na tarehe na kiungo chake, kisha notisi ya madai kutoka kwa wakili: afute, asahihishe, au alete ushahidi.

Mkataba ndio unaonitia wasiwasi kuliko Instagram. Soma kipengele ulichothibitisha kwamba kazi ni yako halisi na kwamba utamfidia prodyuza kukiwa na madai. Je, kinamruhusu kuzuia malipo kwa tuhuma tu, au mpaka kuwe na shauri? Tofauti ni kubwa sana.

Kalamu_Nkuhungu

Nimekisoma sasa hivi, kinasema "madai yaliyothibitishwa na mahakama". Alaa! Halafu COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, sikusajili. Nikisajili leo inasaidia?

Wakili_AreaC

Basi awamu ya pili hana sababu ya kimkataba ya kuizuia, lakini mwambie kwa upole. COSOTA sajili. Ulinzi wako ulianza ulipoandika, usajili si sharti, ila cheti kinasaidia mbele ya safari. Usikitumie kudai kwamba kinathibitisha uliandika mwaka jana. Kinaonyesha tarehe ya kusajili tu, na mtu akikubana hapo utapoteza imani hata kwa mambo ya kweli.

Tetesi255

Na kama jamaa kawahi kusajili?

Wakili_AreaC

Swali zuri. Atakuwa kasajili ya kwake. Haimfanyi awe mmiliki wa yako. Bado anarudi palepale, kurasa zipi.

Tetesi255

Sawa mkuu, nimeelewa. Dada nisamehe kwa ile ya juu.

Kalamu_Nkuhungu

Yameisha. Wakuu, hii ndiyo nataka kumtumia prodyuza, naombeni mnikosoe:

"Habari kaka. Naelewa tuhuma zilizopo mtandaoni zinakupa wasiwasi. Sijawahi kumwibia mtu maishani mwangu na Mungu ni shahidi. Nimeambatanisha ukurasa mmoja wenye tarehe za matoleo yangu, la kwanza mpaka la mwisho, pamoja na barua pepe nilizotuma kila hatua. Anayenituhumu nimemwomba kwa maandishi ataje kurasa anazolalamikia na nitakujulisha akijibu. Kwa mujibu wa mkataba wetu malipo husimama kukiwa na madai yaliyothibitishwa na mahakama, naomba tuendelee na awamu ya pili. Niko tayari kuja Dar tukae na mwanasheria wako."

Sini_Ya_Saba

Nzuri. Toa sentensi ya Mungu ni shahidi, hukuulizwa. Weka na lile toleo la mbuzi kama kiambatanisho cha pili. Na usimwambie utakwenda Dar kwa nauli yako, sema mnaweza kuongea kwa simu kesho asubuhi. Tuma leo, kesho Ijumaa mchana humpati mtu ofisini.