Mawakala wa tiketi Dar mnaouza safari za meli: acheni kutuuzia ndege ya kurudi isiyowezekana

Wakuu, salamu.

Uzi huu ni wa hasira, na siombi radhi. Kuna mawakala hapa mjini, wa Posta, wa Kariakoo na wale wasio na ofisi wenye namba ya simu tu, wamegundua kuwa safari za meli za kitalii zinauzika. Dubai na Ghuba kuanzia Novemba, Mediterania miezi ya joto, Durban kwa mwenye mfuko mwembamba. Kuuza meli wanajua sana. Kumrudisha mteja Dar ndiyo kazi iliyowashinda, na hawana haraka ya kujifunza, kwa sababu balaa linampata mteja akiwa ughaibuni wakati kamisheni imeshaliwa.

Kosa la kwanza ni saa. Ratiba inasema meli inafunga gati saa 12 asubuhi, basi wakala anakata ndege ya saa 4. Ndugu yangu, kufunga gati siyo kushuka! Kwanza mamlaka za bandari ziiruhusu meli kushusha watu. Kisha abiria wanaitwa kwa makundi, kwa rangi au namba ya lebo walizofunga kwenye mabegi jana yake. Begi lenyewe liliachwa nje ya mlango wa chumba usiku, likabebwa na wahudumu hadi ukumbi wa gati, na huko unalitafuta katikati ya mabegi ya watu elfu mbili, tatu. Halafu uhamiaji na forodha pale wanapokagua, halafu foleni ya teksi. Kundi la mwisho linaweza kutoka saa 3 na nusu bila hitilafu yoyote. Ukungu ukishuka bandarini, ongeza.

Bado barabara. Tiketi ya meli inasema "Roma", lakini bandari ni Civitavecchia, na kutoka hapo hadi uwanja wa Fiumicino ni kama saa moja kwa gari. Inasema "London", kumbe ni Southampton, kama kilomita 100 hadi Heathrow. "Athens" ni Piraeus, na uwanja uko upande wa pili wa jiji. Barcelona ndiyo nafuu, bandari na uwanja viko karibu. Na kaunta za safari ndefu kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuruka. Piga hesabu hiyo na utaona kwamba ndege yoyote kabla ya saa 7 mchana ni kamari, na kwa Southampton mimi nasema saa 9. Anayesema "utashuka wa kwanza ukibeba mabegi mwenyewe" amwambie mteja ukweli wote: inawezekana tu kama unaweza kuyabeba yote kwa mara moja, bila msaada, kwenye ngazi, kwa sababu asubuhi ile lifti zimejaa.

Sasa tuje kwenye uovu wenyewe, tiketi mbili. Wakala anaona Barcelona hadi Istanbul kwa shirika la bei poa, kisha Istanbul hadi Dar kwa shirika lingine. Anazichapa kwenye karatasi moja yenye nembo yake, zinaonekana safari moja. Siyo moja. Namba za bukingi ni mbili, na hiyo maana yake ni hii: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halikujui. Linakuandika hukutokea, linafuta vipande vyote vilivyobaki, na tiketi mpya unanunua kwa bei ya siku hiyo. Begi nalo halipitilizi. Linaishia Istanbul, kwa hiyo inakubidi uingie nchini, ulichukue mkandani na kulikabidhi upya kaunta, na kuingia nchini kunataka viza. Kuna hata wanaounganisha uwanja wa Istanbul na ule wa Sabiha Gökçen kwa saa tatu. Mmoja uko Ulaya, mwingine Asia, na foleni ya magari ya mji ule haina adabu.

Tiketi ikiwa moja, hali ni tofauti kabisa. Ukikosa ndege ya pili kwa kuchelewa kwa ya kwanza, shirika lina wajibu wa kukupangia nyingine. Na kama safari imeanzia Umoja wa Ulaya na umefika Dar umechelewa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, sheria yao namba 261 inatoa hadi euro 600 kwa safari ya zaidi ya kilomita 3,500. Ukiwa na tiketi mbili, sahau hiyo hela. Wakala anajua haya? Anayejua na akanyamaza ni mbaya kuliko asiyejua.

Viza ndiyo inayonikera zaidi, maana hapa pasi yetu ya Tanzania ina masharti yake na wakala anakata safari kana kwamba anamkatia Mjerumani. Uingereza inamtaka Mtanzania awe na viza hata ya kupita tu uwanjani bila kutoka nje. Wapo wanaosamehewa, mfano mwenye viza halali ya Marekani, lakini msamaha huo unathibitishwa kabla ya kulipa, siyo ukiwa kaunta Barcelona. Marekani haina kupita bila viza kabisa, na kule begi lazima ulichukue kwenye uwanja wa kwanza unaotua, upite nalo forodha, ndipo ulikabidhi tena, hata kama lebo inasoma DAR. Meli ya Mediterania ikitia nanga Tunis au Uturuki, umetoka Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, na ukirudi Barcelona kupanda ndege unaingia mara ya pili. Tazama stika ya viza sehemu ya idadi ya kuingia: ikisoma 01 huna safari, unahitaji 02 au MULT (mara nyingi). Meli za Ghuba ni vilevile, ukienda Oman au Qatar na kurudi Dubai unataka viza ya Emirati ya kuingia zaidi ya mara moja.

Mtu wa kaunta akikufungia lebo kwenye begi, usiondoke. Soma herufi tatu. DAR ndiyo sisi. ZNZ ni Zanzibar na JRO ni Kilimanjaro, na zipo ndege zinazopita huko kabla au baada ya kutua Dar, kwa hiyo begi kushushwa kituo kisicho chako siyo miujiza. Kile kipande kidogo unachopewa bandika nyuma ya bodingi pasi na upige picha.

Pombe ya melini nayo ni mtego. Chupa ulizonunua kwenye duka la meli hushikiliwa, unaletewa chumbani siku au usiku wa mwisho, na begi kubwa linatakiwa nje ya mlango usiku huohuo. Wengi begi linaondoka, chupa inabaki mkononi. Haimo kwenye ule mfuko uliofungwa kwa muhuri na risiti ndani kama wa maduka ya uwanjani, na kwenye viwanja vingi kikomo cha vimiminika mkononi ni mililita 100. Kwa hiyo mashine ya kwanza tu, chupa inaingia pipani. Subiri chupa zifike ndipo ufunge begi, zizungushie nguo na uziweke katikati. Kilevi cha kati ya asilimia 24 na 70 kinaruhusiwa hadi lita 5 kwa mtu kwenye mzigo wa chini. Zaidi ya asilimia 70 hakiruhusiwi kabisa. Pawabenki ni kinyume chake: hairuhusiwi kwenda chini, inakaa mkononi. Kikomo ni wati-saa 100, na hesabu yake ni mAh (namba ya ujazo wa chaji iliyoandikwa juu yake) mara volti, gawa kwa 1,000. Ya mAh 20,000 kwa volti 3.7 ni 74, unapita. Ya 30,000 ni 111, hapo unahitaji kibali cha shirika. Na pasi ya kusafiria, dawa na nguo ya kesho zisiingie kwenye begi la usiku ule, tafadhali.

Tumefika Dar, Jengo la Tatu la uwanja wa ndege. Forodha ya hapa inapitisha mabegi kwenye mashine, na ukweli usemwe, sheria iko wazi kuliko watu wanavyodai vijiweni. Mwenye miaka 18 na kuendelea anaruhusiwa bila ushuru pombe kali lita 1 au mvinyo lita 2, manukato na maji ya manukato nusu lita kwa jumla, humo manukato yenyewe yasizidi robo, na tumbaku gramu 250. Fedha taslimu za kufikia dola 10,000 za Marekani tangaza. Simu tano mpya za aina moja ndani ya maboksi haziitwi zawadi, hizo ni biashara. Ukikadiriwa ushuru, VAT ya asilimia 18 inapigwa juu ya thamani iliyokwisha kujumlisha ushuru, ndiyo maana jumla inakuwa kubwa kuliko ulivyotegemea. Toa risiti halisi ya kununulia usiachie mtu akukadirie. Usimpe mtu fedha mkononi. Dai kumbukumbu namba ya malipo, lipa benki au kwa simu, ondoka na stakabadhi. Droni bila kibali itabaki hapohapo. Na ile mifuko ya plastiki ya madukani iache huko huko, hapa ni marufuku tangu Juni 1, 2019.

Kwa wanaoendelea Mwanza au Songwe: begi linachukuliwa Dar, linapita forodha Dar, ndipo linakabidhiwa tena. Ndege nyingi za ndani ziko Jengo la Pili, na huko huendi kwa miguu ukiwa na mabegi mawili ya kilo 23. Wakala anayekupa saa moja na nusu hapo ni mchawi. Tatu ndiyo ya kuanzia. Tena tiketi ya ndani ikiwa peke yake, kilo zinazoruhusiwa ni chache kuliko za kimataifa, utalipia ziada ya mzigo ambao umeubeba bure kutoka Ulaya.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa 1
Mkuu umewasema vizuri ila umeacha moja. Ndege nyingi za kuja huku zinaondoka baada ya saa 6 usiku. Tiketi inasema 00:40 tarehe 15, wakala anamwambia mteja "usiku wa tarehe 15". Mteja anakwenda uwanjani jioni ya tarehe 15, ndege imeshaondoka usiku uliopita. Ni usiku wa kuamkia tarehe 15, uwanjani unafika tarehe 14 jioni. Mawakala andikeni hivyo kwa Kiswahili, ni sentensi moja tu.

Mchangiaji wa 2
Mimi ni wakala na uzi huu haututendei haki. Mteja anakuja na bei ameiona mtandaoni, anataka hiyohiyo. Ukimwambia tiketi moja ni ghali zaidi, anavuka barabara kwa mwenzako. Tufanyeje?

Mwanzisha uzi
@Mchangiaji wa 2, kaka, uza hiyo ya bei poa, hakuna aliyekukataza. Lakini mwandikie kwenye risiti: tiketi ni mbili, begi halipitilizi, viza inahitajika mahali fulani, ukikosa ya pili umepoteza. Asaini. Akisaini ni juu yake. Mnachofanya sasa ni kuficha namba mbili za bukingi chini ya nembo moja. Na zile za bei poa zenye kusubiri saa 14 Addis Ababa, mnawauliza kuhusu kadi ya homa ya manjano? Anayekaa zaidi ya saa 12 kwenye uwanja wa nchi yenye hatari ya ugonjwa huo anaweza kudaiwa kadi akifika Tanzania. Kadi yenyewe sasa ni ya maisha, lakini lazima uwe umebeba.

Mchangiaji wa 3
Naongezea begi lisipotokea. Usitoke nje ya ukumbi wa mizigo Jengo la Tatu kabla hujaandikisha ripoti kwenye dawati la mizigo. Shirika la kushitaki ni lile lililokuleta Dar, hata kama begi limepotelea kwingine. Utapewa kumbukumbu ya herufi tano na tarakimu tano, ndiyo ya kufuatilia mtandaoni. Ripoti hiyo pekee siyo madai, andika barua pepe pia. Begi lililoharibika: ndani ya siku 7 tangu ulipokee. Lililochelewa: ndani ya siku 21 tangu lilipofikishwa kwako. Siku 21 zikipita halijaonekana, unalidai kama limepotea. Mkataba wa Montreal wa 1999, ambao Tanzania imo, unaweka kikomo cha SDR 1,519 (SDR ni kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa) kwa abiria mmoja, siyo kwa begi, na ili ukifikie unahitaji risiti za vilivyokuwa ndani. Piga picha begi likiwa wazi kabla ya kuliweka nje ya mlango wa chumba cha meli.