Mafumbo ya Desemba: nishike lugha moja au nibadilishe kila siku?

Mbegu ya Mchicha ameuliza:

Wakubwa zangu, salaam. Huu ni mwaka wa nne ninaandika programu kwa Python, na kila Desemba hujaribu mafumbo ya Advent of Code, yale ya kutatua kwa kuandika programu yanayotolewa mtandaoni. Fumbo jipya hutolewa usiku wa manane kwa saa za mashariki ya Marekani, ambayo huku kwetu ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo mimi hulisoma chai ikiwa bado mezani. Safari hii ningependa kuyatumia kujifunza lugha mpya. Mwenzangu kazini ananishauri nibadilishe lugha kila siku, lakini nachelea kwamba nitaishia kujua namna ya kusoma faili katika lugha kumi na mbili na nisijue lolote zaidi. Isitoshe, tangu mwaka 2025 mafumbo ni 12 tu, si 25 kama yalivyokuwa tangu Eric Wastl alipoyaanzisha mwaka 2015. Nimewaza Rust na Elixir. Mnanishauri nini?

Jembe Halimtupi Mkulima amejibu:

Ndugu Mbegu, hofu yako ina msingi. Niliwahi kubadilisha lugha kila siku na nikakomea siku ya tano, kwa kuwa asubuhi zangu zilikuwa zikiishia kwenye kusakinisha zana badala ya kutatua fumbo.

Ushauri wangu ni kwamba usijifunzie lugha mpya kwenye fumbo jipya. Mafumbo ya miaka yote iliyopita bado yapo, kwa hiyo rudia lile ulilokwisha kulitatua, ili ugumu utakaobaki uwe wa lugha peke yake. Chukua la siku ya 6 ya mwaka 2021, lile la samaki wanaozaana. Kila samaki ana namba inayopungua kwa moja kila siku. Ikishapita sifuri hurudi kuwa 6, na hapo huzaliwa samaki mwingine mwenye namba 8. Katika mfano uliotolewa, samaki watano wanakuwa 5,934 baada ya siku 80, na 26,984,457,539 baada ya siku 256. Anayemwandika kila samaki kwenye orodha hupita sehemu ya kwanza ya fumbo, ile ya siku 80, bila taabu, kisha sehemu ya pili, ile ya siku 256, humaliza kumbukumbu yote ya kompyuta, ilhali kinachohitajika ni hesabu tisa tu, yaani ni samaki wangapi wana namba 0, wangapi wana 1, na kuendelea hadi 8.

Hila hiyo unaijua tayari, basi tazama lugha zinavyotofautiana. Python hukuza namba yenyewe bila kukuuliza. Java, ukitumia namba ya biti 32, ikivuka 2,147,483,647 hugeuka hasi kimyakimya, nawe utapeleka jibu la ajabu bila kujua kosa liko wapi.

Bi Nukta amejibu:

Nakubaliana na kaka hapo juu, ila tusimwache Mbegu bila kumchagulia. Mimi ningeanza na Elixir, kwa sababu itamnyima mazoea yake: data haibadilishwi pale ilipo, hivyo kila siku ya samaki ni lazima utengeneze hesabu mpya kutokana na ya jana. Siku mbili za kwanza utaona kero.

Rust ina kero ya namna yake. Katika fumbo la siku ya 5 ya mwaka 2022, la kuhamisha makreti kutoka rundo moja hadi jingine, nilitaka kuyashika marundo mawili kwa pamoja ili nitoe huku na kuweka kule, na kompaila, yaani programu inayokagua na kutafsiri msimbo, ikanigomea jioni nzima. Niliiona kaidi, kumbe ilikuwa na haki, kwa maana hakuna popote katika msimbo wangu palipohakikisha kwamba namba za marundo hayo mawili hazilingani, na Rust hairuhusu rundo lilelile lishikwe mara mbili kwa pamoja ili libadilishwe. Nilipoyakata kwanza makreti ya juu kwa `split_off`, nikayahifadhi pembeni, kisha nikayaongeza kwenye rundo la pili, ilikubali.

Kobe wa Changuu amejibu:

Mwenzako wa kazini naye asidharauliwe. Kuonja lugha ni jambo moja na kuijua ni jingine, na kuna mafumbo yanayofaa kuonjea: lile la kwanza kabisa la mwaka 2015, la mabano na ghorofa, katika lugha ya APL linatoshea mstari mmoja mfupi. Lakini ukifika kwenye mafumbo ya kutafuta njia fupi, utarudi Python mbio kama nilivyorudi mimi. Pia, ukiweka kazi yako hadharani, usiweke maandishi ya fumbo wala data uliyopewa. Wastl mwenyewe ameomba hivyo.

Mbegu ya Mchicha ameandika tena:

Nimewasikia. Samaki nimewarudia kwa lugha zote mbili wikendi hii. Kwa Elixir, `Enum.frequencies` ilinipa hesabu ya kuanzia kwa mstari mmoja, ingawa nilihangaika saa nzima nikitafuta mahali pa kuandika "ongeza moja hapa". Kwa Rust nilichagua `u32`, yaani namba ya biti 32, na kabla ya siku ya 256 programu ilisimama yenyewe ikinionyesha mstari uleule wa kujumlisha uliozidiwa. Nimeweka `u64`, ya biti 64, jibu likatoka sawa na lile la mwaka ule. Bi Nukta, nitaanza na Elixir. Makreti nayaacha hadi Januari.