Mrejesho: sauti imerudi kwa FreeBSD yangu

Wasee, ni mimi niliyeuliza mbona deskitopu yangu ya FreeBSD (mfumo wa kuendesha kompyuta, kama vile Windows) haitoi sauti hata kidogo na spika ni nzima, nikiichomeka kwa simu inalia poa. Sasa imekubali! Aliyeniambia niangalie cat /dev/sndstat (amri inayoonyesha vifaa vya sauti vya mashine) ndiye ameniokoa, maana hapo niliona pcm0, yaani kifaa cha sauti namba 0, ni HDMI ya kadi ya video (waya wa kwenda kwa monita) na ndiyo imeandikwa default, yaani ndiyo inatumika, kumbe sauti yote ilikuwa inaenda kwa monita na monita yangu haina spika, halafu yale matundu ya nyuma ya kuchomeka spika ni pcm1. Nikaingia kama root (msimamizi wa mashine) nikaandika sysctl hw.snd.default_unit=1 ili sauti iende kwa pcm1, nikafunga brauza nikafungua tena kwa sababu ilikuwa bado imeshikilia ile ya zamani, na ikalia. Nilifurahi ajabu, nilikuwa nishashuka Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki Nairobi, kuulizia bei ya kadi ya sauti ya USB. Ukiwasha mashine upya inasahau, kwa hivyo hiyo hw.snd.default_unit=1 iweke pia ndani ya faili ya /etc/sysctl.conf, inayosomwa mashine ikiwaka. Jana stima ilipotea, iliporudi nikawasha mashine na sauti bado iko. Asanteni sana kwa kunivumilia.