Kabureta inayovuja petroli: tupeane uzoefu, yako ilikufanyaje?

Boya la Shaba
Wakuu, leo asubuhi nimefungua mlango wa stoo nikapokewa na harufu ya petroli mpaka macho yakawasha. Chini ya pikipiki kuna duara limelowa sakafuni, na kwenye kile kimrija cha kumwagia petroli iliyozidi, kilicho chini ya bakuli la kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa), kuna tone linaning'inia. Linajaa, linadondoka, jingine linaanza. Koki ya petroli niliisahau wazi usiku kucha. Nimemkumbuka marehemu baba: pikipiki yake iliwekewa kopo la kukingia miaka yote, nasi watoto tukajua ndivyo pikipiki zilivyo. Waliopitia haya njooni tuambizane. Mlianzia wapi?

Spana Kumi
Sindano hiyo, ile inayofunga njia ya petroli kuingia kwenye bakuli. Funga koki kwanza, mengine yatafuata.

Dada wa Kiki
Pole mkuu, lakini shukuru inavujia nje. Yangu ilivujia ndani.

Kimrija cha kumwagia kilikuwa kimeziba kwa matope, mimi sikujua. Sindano ikashindwa kufunga, petroli ikapanda kwenye bakuli, ikakosa pa kutokea, ikaingia njia ya hewa na kuteremka kwenye silinda usiku mzima. Asubuhi sakafu kavu kabisa. Nikapiga kiki, ikakwama katikati kama imegonga ukuta. Nikadhani gia imeingia. Nikaangalia, haijaingia. Basi nikapanda nikaikanyaga kwa uzito wote, mara ya pili, mara ya tatu, nikasikia mlio mmoja mkavu ndani ya injini. Mlio ule hadi leo nausikia. Hewa inabanika, petroli haibaniki. Konrodi, kile chuma kinachoshika pistoni, ilipinda.

Nilipofungua oili ndipo nikaelewa. Nilikuwa nimeweka lita moja, ikatoka karibu lita mbili, nyepesi kama maji, inanuka petroli. Kwa hiyo kiki ikigoma hivyo, usilazimishe. Toa plagi, zungusha injini taratibu petroli itoke, kaa mbali na cheche yoyote, kisha mwaga oili yote uweke mpya kabla ya kuwasha.

Spana Kumi
Hili la oili watu hawalijui. Mimi nachomoa kijiti cha oili nanusa kila wiki.

Fundi Mkongwe
Mnatishana bure. Chukua bisibisi, igeuze, gonga bakuli kwa mpini mara tatu. Inaacha kuvuja. Nimefanya hivyo tangu wengi wenu hamjazaliwa.

Mchuja Mafuta
Shikamoo mzee, kwa heshima zote sikubaliani nawe. Kugonga kunatikisa uchafu uliokaa kati ya sindano na kiti chake, basi. Ncha ikishalika, hata ugonge hadi kesho haitarudi. Toa sindano, iangalie juani. Ukiona mstari wa duara umejichora kwenye ncha kama pete kidoleni, weka mpya. Na ule uchafu ulitoka wapi? Kutu ya tenki. Usiposafisha tenki na kuweka chujio kwenye mpira wa mafuta, utafungua kabureta kila mwezi.

Fundi Mkongwe
Marahaba. Sikusema kugonga ni dawa. Nimesema inaacha kuvuja ufike nyumbani.

Mchuja Mafuta
Hapo tumeelewana mzee wangu.

Ncha Kali
Mimi sindano niliisugua kwa dawa ya meno ikakaa vizuri.

Spana Kumi
Ya chuma tupu labda. Yenye ncha ya mpira umeiharibu, subiri tu.

Kovu la Mkono
Mimi huwa nasoma tu, ila leo naandika kwa sababu ya hilo duara la sakafuni.

Nilikuwa natoa bakuli jioni, umeme umekatika, nimeweka taa ya utambi chini, hatua tatu hivi kutoka nilipo. Nikaona ni mbali. Petroli iliyobaki kwenye bakuli ikamwagika, haikufika hata nusu kikombe. Sikuona moto ukitoka kwangu kwenda kwenye taa. Nilichoona ni moto ukitoka kwenye taa kuja kwangu, bluu, unatambaa sakafuni bila haraka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala chini na kutembea. Mkono ulikuwa umelowa, ukawaka. Mdogo wangu akaja na ndoo ya maji akamwaga, petroli ikaelea juu ya maji ikabeba moto mpaka kwenye gurudumu. Aliyetuokoa ni jirani aliyeleta mchanga. Kidole cha mwisho hakikunji vizuri mpaka leo.

Dada wa Kiki
Jamani. Pole sana kaka. Mwili umesisimka.

Mchuja Mafuta
Pole ndugu yangu. Kizimamoto cha unga kikae karibu na mlango, si karibu na pikipiki, maana hutaweza kukifikia.

Ncha Kali
Kwani tenki ulikuwa umeshalitoa?

Kovu la Mkono
Nilikuwa nimelitoa, liko nje. Ndiyo sababu niko hapa kuandika.

Boya la Shaba
Pole sana kaka. Nimehamishia kila kitu uani. Naomba turudi kwenye kabureta, bado inanidai.

Mchuja Mafuta
Boya, lile linaloelea kwenye petroli na kuisukuma sindano ifunge, ni la shaba kama jina lako? Litikise sikioni. Ukisikia kitu kinacheza ndani, limetoboka na linazama. Litumbukize kwenye maji ya moto, viputo vitakuonyesha tundu. Likaushe kabisa ndani kabla ya kugusa na risasi ya kuchomelea, na utumie pasi ya kuchomelea ya umeme, moto usilikaribie. Weka risasi kidogo mno. Boya likiongezeka uzito linakaa chini zaidi, sindano inachelewa kufunga, unarudi palepale.

Spana Kumi
Na ile pini ya boya usiigonge kwa nyundo. Vile vinguzo vinavyoishika vikivunjika, kabureta ndiyo kwaheri.

Ncha Kali
Mimi naziba na silikoni pembeni mwa bakuli.

Fundi Mkongwe
Hapo nakukatalia, mwanangu. Petroli inaivimbisha silikoni, inameguka, vipande vinaziba jeti, vile vitundu vya kupitishia petroli. Weka gasketi mpya. Uso wa bakuli ukiwa umepinda, tandaza msasa laini juu ya kioo, usugue taratibu.

Boya la Shaba
Nimerudi. Boya zima, sindano haina pete. Nikachomeka mrija wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye tundu la kutolea mafuta chini ya bakuli, nikalegeza skrubu, nikausimamisha ubavuni. Petroli imesimama chini ya kiungo cha bakuli, haipandi, kwa hiyo sindano inafunga, na kimrija bado kinadondosha! Nikalitoa bakuli, nikalijaza likiwa peke yake mezani, bila sindano wala boya. Baada ya dakika chache chini pamelowa. Kile kimrija cha kumwagia kinachosimama ndani ya bakuli kina ufa mwembamba kama unywele.

Fundi Mkongwe
Ufa uko juu au shinani?

Boya la Shaba
Shinani, pale kinapoingia kwenye bakuli.

Fundi Mkongwe
Basi kaushe, safisha kwa msasa mpaka shaba ing'ae, ndipo uweke risasi. Ukimaliza lijaze tena uliache mezani hadi asubuhi, uje utuambie.