Nyumba kongwe ya familia: tutajuaje kama ina thamani ya kihistoria au ni uchakavu tu?

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Marehemu baba ametuachia nyumba aliyoirithi kwa baba yake, na sisi watoto wanne hatujakubaliana la kufanya. Kuta ni za mawe na chokaa, nene kuliko ukuta wowote unaojengwa siku hizi. Madirisha ya mbele hayafanani na ya nyuma. Na kwenye jiwe lililo juu ya mlango mkubwa umechongwa mwaka, ambao babu alituambia ndio mwaka wa ujenzi. Kaka yetu mkubwa anasema nyumba imechakaa, ibomolewe. Mimi roho yangu inakataa, lakini siwezi kumjibu mkubwa wangu kwa hisia peke yake. Wakati huohuo fundi tuliyemwita anataka kubandua lipu yote ili aone hali ya mawe, kisha apige saruji. Naomba kueleweshwa umuhimu wa nyumba hupimwaje, na nianzie wapi.

Mchangiaji wa kwanza (msanifu majengo)

Pole kwa msiba. Tafadhali msimamishe fundi kwanza, kwa sababu lipu anayotaka kuibandua ni sehemu ya ushahidi unaoutafuta: huenda chini yake kuna tabaka za rangi, alama za dirisha lililozibwa, au mstari unaoonyesha ukuta uliongezwa baadaye.

Wataalamu wa hifadhi hawaulizi tu kwamba nyumba ina miaka mingapi. Mkataba wa Burra, mwongozo wa kuhifadhi mahali penye umuhimu wa kihistoria na kitamaduni uliopitishwa Australia mwaka 1979 na kurekebishwa mara kadhaa, unauliza kama mahali pana thamani ya uzuri, ya historia, ya kisayansi, ya kijamii au ya kiroho, kwa waliotangulia, kwa waliopo na kwa watakaokuja. Nyumba yenye umbo la kawaida kabisa inaweza kuwa muhimu kwa sababu ya tukio lililofanyika ndani yake au aina ya maisha inayoyashuhudia, na nyumba nzuri ya kupendeza inaweza kukosa umuhimu mkubwa ikiwa zipo nyingine kumi kama hiyo zilizotunzwa vizuri zaidi. Kwa hiyo usiitathmini peke yake. Ilinganishe na nyumba nyingine za rika lake na aina yake.

Kisha isome nyumba yenyewe, hasa pale ambapo hakuna aliyejali kupapendezesha: darini, nyuma ya milango, chini ya ngazi. Tazama misumari. Ile ya waya, yenye shina la mviringo, ilienea mwishoni mwa karne ya 19. Kabla yake ilikatwa kwa mashine kutoka kwenye bamba la chuma, na zamani zaidi mhunzi aliifua mmoja mmoja. Tazama pia mbao: msumeno wa duara huacha mikwaruzo iliyopinda kama upinde, ilhali msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana. Dalili moja haitoshi kukupa jibu, kwa kuwa boriti na misumari huhamishwa kutoka jengo moja hadi jingine. Dalili tatu au nne zikikubaliana, hapo una hoja.

Mchangiaji wa pili (mwashi)

Naunga mkono, na naongeza jambo la saruji kwa sababu limeniumiza mara nyingi kazini. Ukuta wa mawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa tena kupitia viungo vyake na lipu yake. Ukiufunika kwa saruji, ambayo ni ngumu na haipitishi unyevu kwa urahisi, maji hubaki ndani, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na mawe laini huanza kumomonyoka pasipoonekana, hata siku lipu inapoanguka inaanguka na uso wa jiwe. Panapohitaji kuzibwa, pazibwe kwa chokaa na mchanga unaofanana na wa awali.

Mchangiaji wa tatu (mtunza nyaraka)

Mwaka uliochongwa mlangoni usiuchukue kuwa neno la mwisho. Wakati mwingine ni mwaka wa ukarabati, wa ndoa, au wa mmiliki mpya kuhamia. Tafuta hati za umiliki, ramani za upimaji, stakabadhi za kodi, wosia na picha za familia, kwani picha ya harusi iliyopigwa barazani inaweza kukuonyesha dirisha ambalo leo halipo. Wazee nao wahojiwe mmoja mmoja, ili kumbukumbu ya mmoja isiimeze ya mwenzake.

Mleta uzi

Nashukuru sana, fundi nimemsimamisha. Jana nilipanda kwa ngazi nikaona kwamba jiwe lenye mwaka ni la aina tofauti na mawe yaliyolizunguka, na chokaa inayolishika ni nyeupe zaidi. Inaelekea liliwekwa baadaye. Je, hilo halitampa kaka sababu ya kusema nyumba si halisi?

Mchangiaji wa kwanza (msanifu majengo)

Hapana. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa wa kuhifadhi majengo ya kale, unaagiza michango halali ya vipindi vyote vya jengo iheshimiwe, kwa hiyo jiwe lililowekwa baadaye nalo lina nafasi katika historia ya nyumba, mradi ueleze wazi kwamba liliwekwa baadaye. Pima nyumba, chora ramani yake ya sakafu, ipake ramani hiyo rangi tofauti kwa kila kipindi cha ujenzi, na upige picha kila chumba kutoka pembe zote. Halafu andika kurasa mbili zinazosema kipi ni cha asili, kipi kimeongezwa, kwa nini kila kimoja ni muhimu, na kipi kinaweza kubadilishwa bila hasara, maana huenda banda la nyuma halina umuhimu wowote na kaka yako akapata hapo nafasi ya kujenga anachokitaka. Mpe azisome kabla ya kikao cha familia.