Mjadala: Je, wakati wa sarafu ya shilingi 1,000 Tanzania umefika?

Hoja ninayoileta ni kama Benki Kuu ya Tanzania igeuze noti ya shilingi 1,000 kuwa sarafu. Wapo wanaopinga kwa kusema kwamba kufanya hivyo ni kukiri hadharani kuwa shilingi imeporomoka, na kwamba fedha ikishakuwa sarafu watu huitumia ovyo. Mimi naunga mkono, kwa sababu historia ya sarafu zetu haiwapi nguvu wapinzani hao.

Mwaka 1966, nchi ilipoanza kutoa fedha yake yenyewe, sarafu zilikuwa za senti 5, 20 na 50, pamoja na ile ya shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge, ilhali shilingi 5, 10 na 20 zilikuwa noti. Ya 5 ikawa sarafu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ya 10 mwaka 1987, ya 20 mwaka 1990, kisha zikafuata ya 100, ya 50 na ya 200 kabla karne haijaisha, hadi ya 500 yenye nyati mwaka 2014. Kila mara thamani ilikuwa imekwisha kushuka sokoni kabla sarafu haijatoka. Sarafu huufuata mfumuko wa bei, haiuleti.

Sababu iliyotolewa mwaka 2014 ni kwamba noti ya 500 ilipita mikono mingi na kuchakaa upesi, na hayo ndiyo yanayoikuta leo ya 1,000. Itazameni vidoleni mwa kondakta wa daladala: imekunjwa kwa urefu, imelowa jasho, mkunjo umeanza kuachia, na abiria anayerudishiwa chenji anaikataa. (Ugomvi huo nani hajaushuhudia?) Sijui ni hadhi gani ya shilingi inayolindwa hapo.

Hofu ninayoikubali ni ya kufanana. Asiyeona huitambua ya 50 kwa kona zake, lakini ya 1,000 ikikaribiana na ya 500 kwa ukubwa na rangi, tutaibiana usiku kwenye vituo vya mabasi. Kwa hiyo iwe na umbo lake, na noti iendelee kutumika sambamba nayo kwa miaka kadhaa, kama ilivyokuwa kwa noti ya 500, iliyokuja kuondolewa mwaka 2025.