Je, glibc ilifanya vyema kuiondolea SIGSTKSZ uthabiti wake?

Tangu toleo la 2.34 la glibc, maktaba ya msingi ya lugha ya C kwenye Linux, lililotoka Agosti 2021, programu ya Linux inayokompailiwa kwa _GNU_SOURCE (alama inayowasha nyongeza za GNU) haiwezi tena kuichukulia SIGSTKSZ, ukubwa unaopendekezwa wa staki mbadala (eneo la kumbukumbu lililotengwa kwa ajili ya kupokea ishara), kuwa namba inayojulikana mapema, kwani jina hilo sasa huita sysconf, funksheni ya kuuliza mipangilio ya mfumo, na kuuliza ukubwa wa staki hiyo programu ikiwa tayari inaendeshwa. Waliotangaza safu tuli ya baiti kwa kipimo hicho walikuta kompaila ikikataa msimbo uliokuwa ukipita kwa miaka mingi, na wanailaumu maktaba kwa kuvunja ahadi yake. Kwa maoni yangu, ahadi hiyo ilikuwa imekwisha kuvunjwa na prosesa zenyewe.

Ishara, yaani taarifa inayoikatiza programu, inapoifikia, keneli (kiini cha mfumo) huhifadhi kwenye staki hali nzima ya rejista, zile hifadhi ndogo za ndani ya prosesa, ili kazi iliyokatizwa iweze kurejewa baadaye. Kwenye prosesa za x86, MINSIGSTKSZ, yaani kiwango cha chini cha staki mbadala, ilikuwa baiti 2,048 na SIGSTKSZ baiti 8,192. Rejista 32 za AVX-512 (kiongezo cha prosesa cha kukokotoa namba nyingi kwa pamoja), kila moja ikiwa na baiti 64, hujaza peke yake kile kiwango cha chini. Na vigae vinane vya AMX (kiongezo cha kuzidisha matriki), vya baiti 1,024 kila kimoja, humaliza ile SIGSTKSZ yote kabla funksheni ya kupokea ishara haijatangaza hata kigeu kimoja. Kabla ya Linux 5.14, keneli haikukagua kama fremu hiyo, yaani hali iliyohifadhiwa, inatosha ndani ya staki mbadala. Iliandika tu, na kumbukumbu iliyopakana nayo ikaharibika kimyakimya. Ikumbukwe kwamba wengi huweka staki mbadala ili wapate kuipokea SIGSEGV, ishara ya kosa la kumbukumbu, pale staki ya kawaida inapojaa, yaani wakati ambapo hawana pengine pa kukimbilia.

Wapo wanaopendekeza namba kubwa zaidi, tuseme baiti 65,536, iachwe bila kubadilika. Pendekezo hilo linaahirisha tatizo tu, tena linatoza gharama kwa kila uzi (mkondo mmoja wa utekelezaji ndani ya programu), maana kila uzi huhitaji staki mbadala yake.

Hoja nzito zaidi ya wapinzani ni kwamba programu zilizokwisha kukompailiwa hazikunufaika na badiliko hili hata kidogo. Ni kweli: zinakingwa na keneli, ambayo tangu 5.16 huitaka programu iombe ruhusa ya kutumia AMX, na huikatalia ikiwa staki mbadala iliyopo ni ndogo mno. Lakini anayeandika msimbo leo na kuitaka AMX atapimaje staki yake, kama si kwa kuuliza?

Ninachokosoa ni namna badiliko lilivyoletwa. g++ hutangaza _GNU_SOURCE bila kuombwa, hivyo waandishi wa C++ walibadilishiwa maana ya jina la zamani pasipo kuchagua. Ingetosha kuanzisha _SC_SIGSTKSZ, jina la kuulizia ukubwa huo kwa sysconf, na kuiacha SIGSTKSZ itoe onyo kwa matoleo kadhaa, ingawa nakiri kwamba onyo hupuuzwa kwa urahisi kuliko kosa la kompaila.

Wanaotetea thamani thabiti naomba watutajie namba wanayoitaka, na watueleze nani atawajibika prosesa itakapoipita.